Akafungwa, Ghala Likasimama

Jioni ile Shangazi alipanda kilima kufuata jiwe la kusagia la mama yake, na alikuwa na hasira ambazo hakujua aziweke wapi.

Jiwe lenyewe lilikuwa ghalani, nyuma ya mlango, pale pale mama yake alipoliacha siku mikono yake ilipokataa kusaga. Tangu siku hiyo hakuna aliyelisogeza. Lakini sasa ghala lilikuwa linabomolewa. Mawe yake yangepakiwa kwenye malori na kupelekwa mbali, kwa sababu mdogo wake, kitinda mimba, mwanamume pekee katika nyumba ile, alikuwa amepata mnunuzi. Mnunuzi alitaka mawe ya zamani. Alisema mawe mapya hayana utulivu.

"Utulivu!" Shangazi aliliambia giza lililokuwa linaanza kushuka, akatema mate kando ya njia.

Kila mtu alimwita Shangazi, hata wasiokuwa na haki ya kumwita hivyo. Mdogo wake aliitwa Injinia. Jina hilo alilipata utotoni, alipoifungua redio ya baba yao kipande kipande, akaitandaza yote sakafuni, na haikuimba tena mpaka leo. Watu walicheka, jina likabaki. Shangazi peke yake ndiye aliyeona kwamba mtoto yule hakuwa mtu wa kujenga kitu. Kugongelea msumari ulionyooka kulimshinda.

Hasira za Shangazi hazikuwa za kelele. Zilikuwa za kunyamaza. Zilimkaa kifuani, zikapanda mpaka kwenye meno, na hapo zikakwama. Waliomjua wakiona ameacha kujibu, walitafuta kazi ya kufanya nje.

Nyumba ilikuwa imekaa juu pale mgongoni mwa kilima kama kuku aliyeatamia. Nyumba ya mawe matupu, kuta nene kiasi kwamba yeye na wenzake wakiwa watoto walilala mchana ndani ya dirisha, miguu ikiwa imenyooshwa. Madirisha hayo yalikuwa membamba kwa nje na mapana kwa ndani, ili mwanga uingie kwa wingi na mtu asiingie kabisa. Ngazi ya mawe ilipanda nje ya ukuta mpaka ghorofani, kila kipandio kikiwa kimelika katikati kama kijiko. Na ng'ambo ya ua, likiitazama nyumba, lilikuwa ghala: refu, zito, lenye milango miwili mikubwa inayoelekeana ili upepo upite wakati wa kupepeta, na matundu membamba ya hewa juu ya kuta zake, mfano wa macho yaliyofumbwa nusu.

Habari za majengo yale Shangazi alizishika moyoni kama alivyokabidhiwa. Wengine katika ukoo walikuwa na simulizi zinazobadilika kila msiba. Yeye hakubadili neno. Watoto wa Injinia aliwakalisha kwenye ngazi ile na kuwafundisha:

*Mjenzi alijenga nyumba pamoja na mdogo wake. Wakaanza ghala. Ukuta wa nyuma ukaanguka. Wakaujenga tena, ukaanguka. Mdogo alikuwa na hasira sana. Akafungwa. Ghala likasimama.*

Mtoto akisema "akapelekwa jela", Shangazi alimrudisha mwanzo.

"Nani kakwambia jela? Sema akafungwa."

"Si ni kitu kimoja, Shangazi?"

"Ni kitu kimoja. Lakini sema akafungwa."

Maana naye alijua ni jela. Wote walijua. Baba yake alikuwa akicheka kabisa na kusema kila ukoo una mfungwa wake, wa kwetu alikuwa fundi.

Kitu kingine alichokabidhiwa ni mwiko wa mlangoni. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia ghalani na hasira. Upande wa kulia wa mlango, kwenye mwimo, kwa kimo cha kifua, palikuwa na jiwe moja lililotokeza kidogo. Ukija umekasirika, unaweka kiganja juu yake. Unangoja. Ubaridi wa jiwe unapanda mkononi, na hasira zinashuka, ukashangaa ulikuwa unagombea nini. Bibi yake alifanya hivyo. Mama yake alifanya hivyo, siku nyingine akingoja muda mrefu sana, macho kafumba. Jiwe lilikuwa limelainika kwa viganja vya wanawake wa nyumba ile mpaka likang'aa kama limepakwa mafuta.

Sababu ya mwiko huo hakuna aliyeisema. Shangazi alidhani ni heshima ya chakula.

Nusu ya njia alikutana na fundi wa kubomoa anateremka. Alikuwa mtu wa maneno mengi, aliyejisifu mjini kwamba amekwisha kubomoa benki mbili na ukumbi wa mikutano. Jioni ile alikuwa anatembea kimya, upesi, vumbi la chokaa likiwa bado nyusini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mmekwisha kumaliza kunivunjia?"

"Hata. Tumesimamisha." Akaangalia nyuma. "Mama, nikuulize kitu, na usinicheke. Ule ukuta wa nyuma wa ghala umefungwa na nini?"

"Umefungwa vipi?"

Fundi akainua viganja vyake viwili, akavisimamisha vikiwa vimepeana mgongo, na nafasi kidogo katikati.

"Ukuta mnene hivi si mmoja. Ni kuta mbili, moja ya nje, moja ya ndani. Katikati unajaza kifusi. Sasa huwezi kuziacha hivyo. Hapa na pale unalaza jiwe refu, linatoka huku, linaingia huku. Hilo ndilo linaloufunga ukuta. Usipofunga, mvua ikinyesha ukuta unaota kitambi, halafu puu, uko chini. Leo tumetoboa ngozi ya ndani. Nimetafuta jiwe la kufungia. Hamna, Mama. Hata moja."

"Na umesimama tangu enzi za babu yangu."

"Umesimama! Nimetundika timazi, umenyooka kuliko mimi." Akapangusa chokaa nyusini. "Halafu… kile kifusi cha ndani kina joto."

"Joto la jua."

"Ule ukuta haupigwi na jua, Mama. Vijana wangu walipoweka mkono wakakimbia. Mimi sikukimbia. Ila nyundo yangu kubwa nimeisahau mle ndani."

"Basi twende ukaichukue, mimi naelekea huko."

"Nitaifuata kesho," akasema fundi, na miguu yake ilikuwa imekwisha kuanza kuteremka. "Kesho asubuhi. Kukiwa kweupe."

Shangazi akaendelea na safari yake. Mwoga, alisema moyoni. Mdomo wa benki mbili, moyo wa kifaranga. Lakini lile neno alilolitumia fundi lilimfuata kama mbu. Umefungwa na nini. Umefungwa na nini… Akalifukuza.

Alipofika mlangoni mwa ghala aliona mwanga wa tochi ndani, na gari la Injinia limeegeshwa uani, limekanyaga bustani ya mchicha ya Shangazi. Hasira zikampanda upya. Akainua mkono wa kulia, kama alivyofanya maisha yake yote, akauweka kwenye mwimo.

Kiganja kikaingia hewani.

Jiwe halikuwepo. Palikuwa na shimo tu, limechongwa vibaya kwa tindo, kingo zake nyeupe.

Shangazi akasimama pale, mkono ndani ya shimo. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamke wa nyumba ile hakupata kulifanya.

Akaingia na hasira zake zote.

Injinia alikuwa katikati ya ghala, tochi mkono wa kushoto, anamulika makombamoyo ya paa kama anayechagua ng'ombe mnadani. Mkono huo wa kushoto mama yao aliuchapa sana utotoni, lakini mtoto hakuacha kuutumia. Alikula nao, aliandika nao.

"Dada! Shikamoo."

"Usinipe shikamoo. Nipe jiwe."

"Jiwe gani?"

"Unalijua."

"Ah, lile la mlangoni? Lipo kwenye gari. Mnunuzi alitaka sampuli, nikaona nimpe lililo zuri. Limelainika vizuri, utadhani sabuni."

"Limelainishwa na mikono ya bibi zako."

"Basi Mungu awarehemu, wameliongezea thamani."

Alicheka. Aliona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Sikiliza, Dada. Paa la nyumba linavuja. Nimelala chumba cha juu wiki iliyopita, nimeamka nina ziwa miguuni. Kuuza ghala ni ili tuezeke nyumba. Wewe unataka vyote viwili vitufie mikononi?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ndiyo maana ya kuuliza."

"Unaona? Wewe na wafu wako mmekwisha kupiga kura, mimi nimebaki kuhesabiwa!" Sauti yake ilipanda, ikagonga kuta, ikarudi. "Kila nikija hapa mimi ni mgeni. Usiguse hiki, sema hivi, shika jiwe kwanza. Mimi pia ni mtoto wa nyumba hii!"

"Mtoto wa nyumba hii alikuwa wapi mama anakufa?"

Injinia akageuzia tochi sakafuni.

Shangazi alijua ameshika penye kidonda, na hakuondoa mkono. Maneno aliyoyafungia kinywani miaka yote yalitoka moja moja, bila kelele.

"Mimi nilimwogesha. Mimi nilimgeuza. Mimi nilimlisha uji kwa kijiko kama ndege. Na alipofumbua macho kutafuta mtu wa kumwita, hakuniita mimi. Alikuita wewe, kutwa nzima. Nawe ulikuwa njiani. Maisha yako yote wewe uko njiani."

"Dada, gari liliharibika, nilikwambia…"

Tok.

Wote wawili wakageuka.

Sauti ilitoka ukuta wa nyuma. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mpini wa mwiko wa mwashi unaogonga jiwe ili likae sawasawa kwenye udongo wake.

Tok… tok.

"Panya," alisema Injinia.

Harufu ikaja. Chokaa mbichi, chokaa iliyomwagiwa maji sasa hivi na bado inachemka. Na chini ya harufu hiyo, nyingine: jasho la mwanamume aliyefanya kazi tangu asubuhi.

Nje miti ilikuwa imetulia kabisa. Lakini matundu ya hewa juu ya ukuta yakaanza kulia, yote kwa pamoja, pole pole, hewa ikiingia ndani. Vumbi la sakafuni likatambaa kuuelekea ukuta.

Ukuta ulikuwa unavuta pumzi.

"Kaka."

Injinia akageuka. "Umesemaje?"

"Sijasema."

"Umeniita kaka."

"Mimi nikuite kaka, wewe niliyekubeba mgongoni?"

"Kaka…" Sauti ilikuwa kavu, ya karibu mno, na ilikuwa na hasira zilizokaa muda mrefu mpaka zikawa baridi. "Kaka, sijamaliza kusema."

Hapo neno la fundi lilimtua Shangazi kifuani kwa uzito wake wote. Midomo yake ikaanza kutamka yenyewe, kwa sauti ya kunong'ona, kama watoto kwenye ngazi.

"Ukuta wa nyuma ukaanguka. Wakaujenga tena, ukaanguka. Mdogo alikuwa na hasira sana. Akafungwa…"

"Ghala likasimama," Injinia akamalizia, kwa mazoea. Kisha akasema, "Jela, Dada. Alifungwa jela."

"Nani alisema jela?"

"Baba."

"Baba alisikia vibaya. Sote tumesikia vibaya. Alifungwa ukutani."

Aliona jinsi walivyofundishwa ukweli mtupu, neno kwa neno, vizazi vyote hivyo, na hakuna hata mmoja aliyeusikia. Na hasira zikamgeukia mtu mwingine, mtu ambaye picha yake haikuwepo ila jina lake lilitajwa kwa heshima kila kwenye harusi. Mjenzi. Alijenga, walisema. Alijenga!

Injinia alikuwa mbishi tangu tumboni. Akaukaribia ukuta, akamulika tundu waliloliacha mafundi, kubwa kama dirisha la jikoni, kifusi kikiwa kimemwagika chini yake.

"Ni panya na upepo," alisema. "Nitakuonyesha, halafu tukanywe chai tuongee kama watu wazima."

Akahamishia tochi mkono wa kulia. Akaingiza wa kushoto ndani ya ukuta, mpaka kwenye kiwiko.

"Unaona? Hakuna ki…"

Akatulia.

"Dada."

"Usinitanie."

"Dada, kimenishika mkono."

Shangazi hakukimbia kumsaidia mara moja. Zile hasira zilikuwa bado zimesimama kifuani, moto, na zilikuwa na utamu wake. Kwa kitambo kidogo tu, kitambo cha mtu kumeza mate, alimtazama mdogo wake na kuwaza: acha kimshike.

Huenda ukuta ulimsikia.

Tochi ilianguka, ikazimika. Injinia akalia mlio mmoja mfupi, wa kitoto. Ndipo Shangazi aliporuka, akamkumbatia kiunoni, akavuta kwa nguvu zake zote, akaita jina lake la kweli, ambalo hakuwa amelitamka tangu ubatizo wake. Mawe yakasagana. Chokaa ikamwingia machoni. Akavuta… akavuta…

Kikaachia.

Kiliachia kirahisi. Kirahisi mno. Wakaanguka chali wote wawili juu ya kifusi.



Alimpapasa gizani. Kichwa kipo. Mikono yote miwili ipo. Alikuwa mweupe kwa chokaa kuanzia nywele hadi viatu, na alikuwa anapumua kwa pupa, kwa sauti, kama mtu anayekunywa maji baada ya kiu ya safari.

"Umeumia? Sema nami. Umeumia?"

Akamkamata Shangazi kifundo cha mkono. Kwa mkono wa kulia.

"Twende nyumbani, kaka," alisema.

Shangazi alijiambia ni mshtuko.

Asubuhi fundi alikuja kufuata nyundo yake, akamkuta Shangazi amesimama uani na kikombe cha chai kilichopoa. Fundi aliingia ghalani, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma. Alipotoka alikuwa ameshika timazi yake kama mtu aliyeshika rozari.

"Nani kaziba lile tundu?"

Shangazi akanyoosha kidole.

Injinia alikuwa mlangoni, mikono ya shati imekunjwa, chokaa mpaka viwikoni. Jiwe la mwimo alilitoa garini alfajiri. Sasa alikuwa analirudisha mahali pake. Alilizungusha kidogo, akalitazama, akaligonga kwa mpini wa mwiko. Tok. Tok… tok. Jiwe likakaa. Ukucha usingepita pembeni yake.

"Yule si alishindwa hata kunisaidia kuning'iniza turubai?" fundi akanong'ona.

"Ndiye."

"Mama, ule ukuta…" Fundi alilamba midomo. "Jana haukufungwa na jiwe. Leo pia hauna jiwe. Lakini nimeugonga. Haulii utupu tena. Sasa umefungwa."

"Chukua nyundo yako, mwanangu."

"Ikae tu, Mama. Ni zawadi."

Mnunuzi alirudishwa njiani. Paa la nyumba likatengenezwa, kigae kwa kigae, na halikuvuja tena. Kila alichokitaka Shangazi alikipata: ghala zima, nyumba kavu, mdogo wake karibu. Majirani walimpongeza. Walisema Injinia hatimaye amekuwa mwanamume.

Wifi yake, mke wa Injinia, alikuja kutoka mjini, baada ya simu zake kulia bila kujibiwa mpaka akachoka. Alisimama uani, hajashusha hata mkoba, akamtazama mumewe anavyochonga jiwe. Mume akainuka, akamsalimia kwa adabu, kama anavyosalimiwa mke wa jirani. Wifi akamvuta Shangazi nyuma ya ngazi.

"Wifi, yule ni nani?"

"Mumeo. Alipata mshtuko."

"Usinifanye mjinga. Nimeishi na mume wangu, tumezaa. Yule ameshika nyundo kwa mkono wa kulia." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini ya hasira. "Mmemfanya nini? Mume wangu yuko wapi?"

Jibu Shangazi alikuwa nalo.

Maana kila jioni, jua likishagusa kilima, kulikuwa na sauti ghalani. Haikuwa tok ya mwashi. Ilikuwa kugonga ovyo ovyo, kugonga kwa mtu asiyejua kushika kitu, mtu aliyeshindwa na msumari. Na nyuma ya kugonga huko, ndani kabisa mwa mawe, sauti ambayo Shangazi alikuwa ameibeba mgongoni.

"Dada… Dada, niko njiani…"

Na kila jioni yule mwingine alikaa kwenye ngazi ya mawe, kipandio cha chini, akamngojea Shangazi apite. Hakupaza sauti hata mara moja.

"Kaka, tulikuwa tumefika wapi? Sijamaliza kusema."

"Mimi si kaka yako."

"Ndivyo ulivyosema hata siku ile."

Siku ya kwanza Shangazi alipochukua nyundo kubwa ya fundi, alikuwa anawaka hasira. Alimkasirikia Mjenzi, alimkasirikia yule wa kwenye ngazi, alijikasirikia yeye mwenyewe na kile kitambo cha kumeza mate. Ghala na lianguke. Nyumba na ianguke nayo. Alivuka ua, akafika mlangoni, na mkono wake, kabla hajaufikiria, ukaenda kwenye mwimo.

Ubaridi ukapanda. Hasira zikashuka. Akajikuta amesimama pale, ameshika nyundo nzito, anajiuliza kwa nini mtu avunje ukuta mzuri namna ile.

Alirudi nyumbani akaosha vyombo.

Siku ya pili ikawa hivyo. Na iliyofuata. Aliahidi moyoni hatagusa, na kila mara aliposhtuka kiganja kilikuwa kimekwisha kufika, kama kilivyofundishwa na mama yake, na mama wa mama yake. Ndipo alipoelewa Mjenzi alipanga nini. Lile jiwe halikuwekwa kwa heshima ya chakula. Liliwekwa ili asitokee katika ukoo mzima mtu wa kufika kwenye ukuta ule akiwa na hasira za kutosha kuubomoa. Wanawake wote wale, macho wamefumba, wakiliachia jiwe haki yao ya kukasirika… na mtu anagonga ndani.

Kiganja chake mwenyewe kilikuwa kimelilainisha.

Sauti ukutani ilikuwa inafifia. Jioni aliyoisikia imebaki "Da… da…", Shangazi aliingia jikoni, akavua kitambaa chake cha kichwa. Akashika mpini wa nyundo kwa mikono miwili. Akazungusha kitambaa juu ya vidole, juu ya viganja, tena na tena, akakaza fundo kwa meno mpaka ufizi ukatoa damu.

Sasa mikono haikuwa na kwa kwenda.

Kipandio cha chini cha ngazi kilikuwa kitupu. Alivuka ua. Mlangoni viganja vyake vilivutika kuelekea jiwe, kitambaa kikavizuia, na akapita. Akapita na hasira zake zote, za kwake na za mama yake na za wote waliowahi kusimama pale. Zilimjaa mpaka macho yakaona vizuri gizani.

"Dada…?"

"Nakuja," alisema Shangazi. "Sogea nyuma, mdogo wangu."

Akainua nyundo.

Nyuma yake mlango mmoja mkubwa ulifungwa, pole pole. Kisha wa pili. Harufu ya chokaa mbichi ikaja, bado inachemka. Na nyayo za mtu asiye na haraka zikapita juu ya kifusi, zikasimama karibu sana na sikio lake.

"Afadhali umekuja na hasira," ikasema ile sauti kavu. "Sasa tunaweza kuzungumza."

Shangazi akataka kugeuka. Akataka kuachia nyundo.

"Tena kaka, naona safari hii umejifunga mwenyewe."